Ukuta wa Anselmo

Kawetele, Tukuyu
8 Machi 1994

Mdogo wangu Gwakisa,

“Yule mgeni kutoka Msumbiji alipaka rangi mbao tu. Unyakyusa angeujulia wapi?” Ndivyo ulivyoniandikia. Nitakujibu, ila salamu kwanza. Ugonile? Huku wazima, Mama analalamikia goti tu, na chai tunaichuma katikati ya mvua. Shemeji na watoto hawajambo?

Sasa tuelewane. Mzee Anselmo, fundi wa kuchonga altare za kanisani, alivuka Ruvuma akiwakimbia Wareno. Kampuni ya filamu ya Dar ikampa kazi ya kusanifu mandhari. Soko, stesheni na mahakama zote unazoziona katika filamu hizo za zamani ni mkono wake: mbao, magunia na chokaa. Leo unazirudufu kwenye kanda za video, na pale palipokuwa na jina lake mmebandika nembo ya duka lenu. Eti soko huria! Soko huria ni la bidhaa, bwana, si la majina ya watu.

Hata filamu yetu ya Unyakyusa ilipigwa Dar, maana mvua ya huku iliwafukuza. Mianzi ya kujengea nyumba zake ilitoka hapa Kawetele kwa lori. Ni kweli, kwanza Anselmo alisimamisha ukuta wima kama wa posta, na ukuta wetu huinamia nje kadiri unavyopanda. Utasema, si nilisema? Lakini aliubomoa mwenyewe, akaja huku kutafuta wa kumfundisha.

Jumapili nilimsomea Mama barua yako. Alicheka, kisha akaniambia jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Ile safari yake ya Dar tuliyoambiwa ni ya matibabu haikuwa ya matibabu. Ni yeye aliyefinyanga mabonge ya udongo na kuyapanga kwa nakshi katikati ya mianzi ya ukuta ule. Anselmo alitaka majina yote mawili yaandikwe. Baba akagoma, akisema mkewe si mtu wa sinema. Likabaki moja. Mama anauliza, hata hilo moja mnalifuta, na yeye yumo ndani ya jina hilo?

Wasalimie wote. Na sasa wewe, na mshirika wako Ambilikile, na Doreen anayechapa majalada: rudisheni jina la Anselmo, na chini yake andikeni la Mama, Atupokile, kabla kanda hata moja haijauzwa.

Kaka yako,
Anyosisye