Maji Matamu ya Kuoshea Makumbi

Jumanne

Leo tena nimemwaga maji matamu mchangani, na hasira bado ninayo.

Tajiri wa kitalu hiki cha Diani ameacha kununua ule udongo mweusi unaoletwa na meli. Anasema kuuchimba huko Ulaya kunaharibu ardhi. Sawa. Sasa tunapandia miche kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa. Lakini makumbi yetu yanatoka Bodo, ambako kina mama huyafukia kwenye tope la bahari ili wapate nyuzi za kamba. Yamejaa chumvi. Tusipoyaosha mara tatu kwa maji matamu ya kisima, miche inakufa.

Nilimwuliza msimamizi kama hatuwezi kupunguza maji. Akacheka. "Wewe mtu wa Taru, maji ya kisima yanakuuma nini? Mwaga, bwana."

Mwaga.

Jioni mke wangu amepiga simu kutoka nyumbani Taru, kwenye ukame. Lambo limekauka, mbuzi wamelala chini hawainuki, na maji ya kunywa wanagawiwa ndoo moja kila nyumba.

"Na wewe, Baba Nyamvula, leo umefanya kazi gani?"

"Kuosha makumbi."

"Kwa maji gani?"

"Ya bahari."

"Afadhali," akasema.