Aliyefungua Geti la Mizigo

Mdogo wangu mpenzi,

"Hakuna ajali yoyote iliyotokea stesheni kuu. Treni zilichelewa kidogo tu, na msongamano uliletwa na abiria wachache wasio na subira, pamoja na uzembe wa mlinzi mmoja wa geti." Hayo ni maneno yako, redioni, jana, kwa sauti ile ile uliyokuwa ukimwambia Mama kwamba sukari imeliwa na sisimizi. Nimeyatanguliza kabla ya salamu usije ukadhani nimekuandikia kukupongeza kwa cheo cha usemaji.

Sasa salamu. Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje, na kile kikohozi cha kitinda mimba kimeisha? Sisi huku tu wazima. Mguu wa Mama umepata nafuu. Alikusikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akauliza kama huko ofisini wanakulisha vizuri. Nimemwahidi sitakutukana. Nitajitahidi.

Hakuna ajali, unasema. Behewa la mwisho la treni ya asubuhi liliacha reli palepale kwenye makutano, mahali ambapo njia zote za stesheni hubanana kuwa moja. Nililiona kwa macho yangu kupitia dirisha la kibanda cha matangazo: limeegemea upande kama mlevi anayetafuta ukuta, magurudumu yamezama kwenye kokoto. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo nashukuru. Lakini pale pakiziba, stesheni nzima imekabwa koo. Hakiingii kitu, hakitoki kitu. Kama hiyo si ajali, niambie behewa lilikwenda kokotoni kufanya nini. Kupunga upepo?

Kazi yangu unaijua. Natangaza ninacholetewa kutoka chumba cha kuongozea treni, sipunguzi wala siongezi. Asubuhi ile niliambiwa abiria wahamie jukwaa la saba. Nikatangaza. Watu wakapanda daraja la juu na mizigo yao, na watoto mgongoni. Kabla hawajafika, simu ikalia: warudi jukwaa la pili. Nikatangaza hilo nalo. Waliokuwa wanarudi wakakutana uso kwa uso na waliokuwa bado wanapanda, katikati ya daraja. Nikampigia msimamizi wa zamu, nikamwuliza kwa nini tusiwaambie watu kwamba treni imeacha reli na asubuhi hii hakuna safari. Akanijibu kwamba maneno hayo hayatamkwi kwenye kipaza sauti mpaka ofisi ya msemaji iyapitishe. Ofisi yako, mdogo wangu. Nikauliza imesema nini. Akasema mko kikaoni.

Basi hao ndio abiria wako wasio na subira: walioamriwa kwenda wakaenda, walioamriwa kurudi wakarudi. Muuza mitumba mmoja alisimama chini ya dirisha langu, furushi kichwani, akapaza sauti kwamba mama wa kwenye spika aamue moja, kwani tunawachezesha kwata? Waliomzunguka wakacheka, na mimi nikacheka. Kicheko kilikatika tuliposikia watoto wanalia kule juu. Vyuma vya pembeni mwa daraja vilikuwa vinatikisika, na watu wa katikati hawakuweza kusogea mbele wala nyuma.

Hapo ndipo nilipoacha kusubiri ofisi yako. Nikawaambia behewa limeacha reli, hakuna aliyeumia, hakuna treni itakayoondoka. Walio chini wasipande, walio ngazini washuke taratibu, na njia ya kutokea ni geti la mizigo linalotazama barabara kuu. Laiti ungeusikia utulivu ule! Watu hao hao unaowasimanga walishikana mikono, wakawatanguliza wazee, muuza mitumba akiwaelekeza kwa mikono miwili kama askari wa barabarani, na akimkaripia kila kijana aliyetaka kuruka foleni kwamba hata kwao nyumbani hakukosi mtu wa kumtia adabu.

Tuje kwa mlinzi. Stesheni nzima inamwita Kufuli, na jina hilo hakuliokota barabarani. Mkurugenzi wenu mwenyewe aliwahi kusimamishwa getini, mvua inamnyeshea, kwa sababu alisahau kitambulisho. Mtu wa namna hiyo unamwita mzembe? Kwetu hapa sauti ya kipaza sauti ni amri. Mlinzi akisikia "kwa amri ya chumba cha kuongozea, fungua geti," anafungua, hamwulizi mtu. Kufuli alisikia hivyo, akafungua. Leo mmemvua sare na mmemwita Jumatatu mbele ya kamati afukuzwe kwa kufungua geti bila amri, kwa kuwa chumba cha kuongozea kinaapa hakikutoa amri yoyote.

Na kinasema kweli. Hilo ndilo nililokaa kitako kukuandikia. Amri ile haikutoka kwa mtu. Niliitunga mimi, pale pale kitini, kwa sababu nilijua Kufuli hafungui kwa kuombwa. Msimamizi anajua, maana alikuwa kwenye simu akinisikia. Amenishauri ninyamaze, anasema dada wa msemaji haguswi, na mlinzi atapata kibarua kwingine. Kama na wewe ulijua, ukamtaja mlinzi na kuniruka mimi, sitaki kuambiwa.

Sijutii. Likitokea tena kesho nitaitunga tena, na spika nitaifungulia hadi mwisho. Jumatatu nitaingia kwenye kikao hicho, niitwe nisiitwe, niyaseme haya nimesimama. Nimemwambia Mama. Aliniuliza tu nitavaa nini.

Nisalimie wifi, wakumbatie watoto kwa niaba ya shangazi yao. Barua hii nimeituma ofisini kwako badala ya nyumbani, makusudi, kwa kuwa najua inafunguliwa na kusomwa kabla haijakufikia. Kwa hiyo, ninyi mnaoisoma sasa: mrudishieni Kufuli sare yake kabla ya Jumatatu, na jina langu liandikwe mahali lilipo lake. Na wewe, mdogo wangu, rudi kwenye redio ile ile, saa ile ile, useme kwa kinywa chako kwamba treni iliacha reli na watu mliwanyima habari.

Ni mimi dada yako,
wa kibanda cha matangazo.