Viti vya Ushirika

Jumatano jioni, Matiliku

Na kweli sikudanganya. Jumapili niliposimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Mungu ameniondolea ule uzito wa moyo, usingizi ulikuwa umerudi na chakula kilikuwa kinapita kooni. Kanisa zima likapiga makofi.

Leo mchana akina mama wa ushirika wamekuja kuchukua viti vyao vya plastiki. Tangu nimzike mume wangu Musyoka, kila Jumatano walikuwa wanakuja kuomba hapa kwangu.

"Wewe sasa uko sawa, dada, Mungu amekutendea," Mama Mwende akaniambia, viti viko kichwani tayari. "Tunahamia kwa Nduku. Yeye ndiye ako na shida."

Nikasema amina. Nduku anawahitaji, najua. Lakini nimekasirika, tena sana, na sijui nimkasirikie nani.

Nimejaribu kuomba peke yangu. Maneno ni yale yale, Mungu ni yule yule. Ila hakuna wa kuitikia, hakuna wa kukohoa katikati, hakuna wa kuuliza kama chai ina sukari.

Naogopa ule uzito usije ukarudi. Na ukirudi nitamwambia nani, nami nimeshasimama mbele ya watu nikasema umeisha?

Kiti kimoja nimekificha jikoni, nyuma ya mlango. Si wizi. Wakivihesabu huko kwa Nduku watakikosa, na lazima mtu arudi hapa kukiulizia.