Kaburi la Mkongo Kibanjani Kwetu

Buganguzi, Muleba

Kwako dada yangu mpenzi Judica,

Pokea salamu zangu, na ikiwa baridi ya Sweden imekushika masikio, zisomee karibu na jiko. Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Migomba inazaa, mama Violeth anakusalimu, na goti langu bado linajua mvua kuliko redio. Hata watu wa Ijumbi huja kuniuliza kabla ya kuanika kahawa. Waambie watoto kwamba mjomba wao ndiye yule yule aliyevuta sangara mkubwa hadi wavuvi wakadhani mtumbwi umepinduka.

Lakini leo sikuandikii kukuchekesha. Boniface, yule Mkongo wa dagaa, amefariki. Utamkumbuka. Krismasi uliyokuja nyumbani alikaa jikoni na wewe akikufundisha kupika sombe, kisamvu cha kwao, kwa mawese, ukasema Kiswahili chake kinakutekenya.

Kila akitoka visiwani alikuwa akiweka magunia yake stoo kwangu, akingoja lori. Safari hii alifika na homa, hata kuketi hawezi. Nilikodi gari tumpeleke hospitali, akakata roho njiani, kichwa chake kiko mapajani kwangu. Nikampigia mama yake kule Uvira. Alilia sana, halafu akasema njia zote zimefungwa na vita, hakuna wa kuja kumchukua. Akaniuliza, "Mutoto yangu atalala kwa nani?" Nikamwambia nitampigia tena.

Nikaitisha kikao cha ukoo, maana kibanja hiki cha migomba ni cha ukoo, si changu peke yangu. Lwakatare, binamu yetu, hakungoja hata pombe ya lubisi imiminwe. Alisema wageni wanaofia ziwani huzikwa kwenye mchanga wa mwaloni, kule mitumbwi inakoegeshwa, na huyu apelekwe huko. Nikamwambia mchanga ule maji yakipanda yanafukua watu. Akasema hayo ni ya maji, si ya ukoo. Akaniuliza kama ndizi zangu zinatosha kulisha Kongo nzima, kwa sababu kaburi ndiyo hati ya kibanja: tukimlaza hapa mnyamahanga, mtu wa kuja, kesho watoto wake watakuja kusema, baba yetu yupo hapa, tupisheni.

Neno hilo lilikuwa na uzito, na wazee wakaanza kutikisa vichwa kumkubalia. Mimi nimetembea dunia. Kampala nimefika, na Nairobi ningefika kama basi lisingeharibika. Basi nikasimama kama wakili, nikasema dada yetu Judica yuko kwa watu huko kwenye barafu, anafungua mlango asubuhi kwa majirani wasiomjua bibi yake wala babu yake. Tukimtupa huyu mchangani, yeye tunamwombea nini? Tata Rutashobya, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akajibu polepole kwamba Judica ana ukoo wake, hata akifa atarudishwa kwa ndege. Akauliza, huyu Mkongo ana nani?

Nikasema ana mimi. Nikasema ni ndugu yangu wa omukago, tulipasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akameza punje yake kama babu zetu walivyofanya na watu wa mbali. Unajua ndugu wa kahawa hakataliwi ardhi. Hata Lwakatare alishika jembe. Tulimzika nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwa baba, na wanawake walilia kama wanamlilia wa kwao.

Sasa dada, kaa chini. Hatukuwahi kumeza kahawa yoyote. Tulikuwa marafiki tu, tunabishana kuhusu mpira na bei ya dagaa. Nilisema uongo mbele ya ukoo, na Tata Rutashobya aliponiuliza shahidi ni nani, nikakutaja wewe, kwamba Krismasi ile ndiwe uliyetushikia ungo wa kahawa. Nilikutaja kwa sababu kila mtu anajua Judica haongopi. Lwakatare ameapa kukupigia simu Jumapili baada ya ibada, na akisikia vingine atadai mwili ufukuliwe upelekwe mwaloni. Ndiyo maana nimemwambia binti yangu Violeth aipige picha barua hii akutumie leo. Kwa simu ningeanza kupamba.

Lakini lipo jambo wasilolijua. Tulipokuwa tunatupia udongo nilikuwa na tunda la kahawa mfukoni, jekundu, la mti wa baba. Nikalipasua kwa kucha. Punje moja ilishuka na udongo wangu hadi kwa Boniface. Nyingine nilimeza hapo hapo, na maganda yake, ikanikwama kooni, watu wakadhani nalia. Na kulia nilikuwa nalia.

Mama yake nimeshampigia. Nilimwambia mwanawe amelala kwa kaka yake.

Kwa hiyo Lwakatare akikupigia, sikuombi udanganye. Ukiona lazima useme kwamba kaka yako ni mwongo, sema, hiyo si habari mpya Muleba nzima. Ila usikate simu kabla hujamwambia kwamba kahawa nimeshaimeza.

Wasalimu shemeji na watoto, na yule jirani yako anayekuletea mikate. Mwambie huku ana ndugu.

Ni mimi kaka yako,
Isaac