Nilipomwitikia Ilunga

Shamba la ng'ombe, upande wa Kamina
Kiangazi, Jumapili baada ya misa

Yaya wangu, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Mmeamkaje huko Katoto, wewe na shemeji na mama? Mgongo wa mama umenyooka kidogo, au bado anatembea kama mtu anayetafuta sindano? Mimi mwili ni mzima na chakula ninakula. Baba katekista, najua ni wewe unayemsomea yaya barua hii, na najua unavyoruka mistari usiyoipenda. Leo usiruke hata mmoja, tafadhali, hata ukikasirika.

Barua yenu ililetwa na yule mtu wa reli wa Bukama mwenye mwanya. Niliposoma kwamba umezaa mtoto wa kiume, nilirukaruka peke yangu katikati ya ng'ombe. Halafu nikasoma yaliyofuata: kwamba mama alimwota ndugu yetu Ilunga amekaa mlangoni, shangazi wa shemeji akampa mtoto jina lake kama inavyostahili, na tangu siku hiyo mtoto analia tu, hanyonyi vizuri, na ukimwita Ilunga anageuza uso kama anaitwa mwingine. Sasa wazee wananiuliza kama nilimzika ndugu yangu sawasawa. Yaya, nilimzika sawasawa. Kosa langu liko pengine, na ndilo nataka kukueleza.

Unajua hapa si kampuni. Ni mzungu mmoja, mke wake, mama yake mzee, ng'ombe wao, na sisi wanaume tisa. Mvua zikikaribia kwisha tunakata majani marefu ya bondeni, tunayaanika, tunayageuza kwa uma za miti, tunayapakia kwenye mkokoteni na kuyapanga marundo karibu na zizi. Hayo ndiyo ng'ombe wanakula kiangazi chote, wakati pori lote limeungua. Najua mnacheka, mtu mzima kuwawekea ng'ombe akiba ya majani. Hata mimi na Ilunga tulicheka mwaka wa kwanza. Sasa vumbi la majani linaniwasha shingo hata nikiwa kanisani.

Namna alivyokufa niliwaandikia. Alikuwa juu ya mzigo, anakula nanasi, gurudumu likaingia katika shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, mkokoteni ukalala ubavu na yeye akawa chini. Sikuandika kwamba mimi ndiye niliyekuwa mbele, naongoza ng'ombe. Shimo lilikuwa limefunikwa na majani, sikuliona. Sasa limejazwa udongo na nyasi zimeota juu yake, na kila siku naliona.

Kila asubuhi mama mzee wa bwana anasimama barazani na fimbo yake, anatuita majina. Daftari hana, macho yake hayasomi tena. Majina yetu anayo kichwani, kwa mpangilio ule ule: Kasongo, Ilunga, mimi Ngoy, na wengine. Ukisikia lako unajibu, "Iko!", yaani upo. Ilunga alikuwa anavuta, "Ikooo!" mpaka watu wanacheka na mzee mwenyewe anacheka.

Siku ya pili baada ya mazishi tulisimama kwenye mstari. Akaita, "Kasongo!" Kasongo akajibu. Akaita, "Ilunga!" Walikwisha kumwambia, lakini kichwa chake kinasahau. Watu wakanyamaza. Akaita tena na kuinamisha sikio, akingojea ule mchezo wake wa kila siku. Yaya, sikuweza kuvumilia kimya kile. Mdomo wangu ulijibu kabla yangu: "Ikooo!" Yule mzee akatabasamu. Akaita Ngoy, nikajibu tena kwa sauti yangu mwenyewe. Bwana alisikia, akatazama pembeni, nadhani kwa ajili ya mama yake.

Kesho yake niliitika tena, na siku zilizofuata. Ndipo mambo yakaanza.

Kwanza wenzangu waliacha nafasi kwenye mstari, kati ya Kasongo na mimi, upana wa mtu mmoja. Hakuna aliyewaambia. Halafu yule ng'ombe mwekundu, ambaye Ilunga alimpa jina Kapita, yaani mnyapara, kwa sababu anapenda kusimamia wenzake, akifika pale penye shimo anasimama. Hapigiki, hasukumiki. Anageuza masikio nyuma na kungoja, muda wa kutosha mtu kupanda juu ya mzigo, kisha anaondoka mwenyewe, na mkokoteni unakuwa mzito. Uma wa Ilunga niliufungia ghalani. Mara tatu nimeukuta nje asubuhi umeegemea rundo, meno juu, namna alivyouweka yeye na tulivyomkataza. Na juu ya rundo kubwa, majani yamelala mahali pamoja, pa kukaa mtu.

Kasongo ni mtu wa Kabongo, maneno yake machache. Siku moja tukinoa mapanga aliniambia, "Ngoy, muntu akiisha kufa, bantu habaitikake mu jina yake. Weye njo ulisema iko. Basi, iko."

"Nilimuhurumia ule mama," nikamwambia.

"Ule mama iko na bwana wa kumuhurumia. Ndugu yako, nani anamuhurumia? Anachoka. Alikufa, na kila asubuhi unamuita ku kazi."

Nilikasirika, sikusema naye siku mbili. Yaya, nakwambia ukweli, sikuwa naogopa. Nilikuwa nafurahi. Nilipoongoza ng'ombe na kuusikia ule uzito nyuma yangu, nilijiambia kwamba sikumwua ndugu yangu, yuko juu pale anakula nanasi. Nilitembea polepole ili asitikisike. Ndiyo maana nilizidi kuitika, mzee wa watu nilimsingizia tu.

Halafu barua yenu ikafika. Nikasoma kwamba mtoto anaitwa na hageuki. Nikakaa chini kwenye majani. Atageukaje, na mwenye jina nimemshika huku, ananifanyia kazi ya kunituliza moyo?

Asubuhi yake nilisimama kwenye mstari. "Kasongo!" "Iko!" "Ilunga!" Nikauma ulimi. "Ilunga!" akaita tena, na sauti yake ikawa kama ya mtu aliyepotelewa sokoni. Wote wakanitazama. Nikatoka mbele, nikavua kofia.

"Madame, Ilunga hayiko."

"Alienda wapi?"

"Alirudia kwabo, Katoto."

"Atarudi siku gani?"

"Hatarudi tena, Madame. Ni minyi nilikuwa naitika."

Akagongagonga fimbo sakafuni. Kisha akasema, "Minajua. Ilunga alikuwa anacheka kwanza, nyuma njo anaitika. Weye haukuchekaka." Akafuta macho kwa kiganja, akaita, "Ngoy!" Nikajibu, "Iko," nikarudi mahali pangu. Kasongo akasogea hatua moja, bega lake likagusa langu. Nililia pale pale mbele ya watu, wala sikuona haya.

Siku ile Kapita alipita penye shimo bila kusimama. Mkokoteni ulikuwa mwepesi. Yaya, ulikuwa mwepesi sana, na nilitamani kumwita arudi. Sikumwita.

Nisalimie mama, umwambie mimi ndiye niliyekuwa mbele ya ng'ombe. Mwambie taratibu, akiwa amekaa. Msalimie shemeji, na yule shangazi yake aliyempa mtoto jina, hakukosea. Mjomba wetu mfua vyuma mwambie kisu alichonifulia bado kinakata. Nawe baba katekista, ahsante kwa uvumilivu wako, niombee.

Sasa nakuomba jambo moja. Barua hii ikiisha kusomwa, asubuhi yake mtoe mtoto nje mbele ya nyumba, umwite jina lake kwa sauti kubwa. Mtu yeyote asimwitikie, hata kwa mchezo, hata kwa huruma. Mngojeeni. Akigeuza uso kukutazama, usijisumbue kunitungia barua ndefu. Mwambie baba katekista aandike neno moja tu, amkabidhi mtu wa reli: Iko.

Mdogo wako,
Ngoy