Tazama Nyuma ya Mashine

Pasiansi, Mwanza
18 Machi 2024

Mdogo wangu Obedi,

“Usafi ni maji, dada. Mashine ya kufyonza vumbi ni mapambo ya wenye mazulia.” Hayo ni maneno yako ya juzi kwenye simu. Ukacheka, simu ikakatika. Ndiyo maana naandika barua: karatasi haikatiki, wala huwezi kunidakia neno. Salamu nazo zipo. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, isipokuwa mmoja wetu, na nitafika kwake.

Usafi si maji. Usafi ni kuuondoa uchafu bila kumhamishia mtu mwingine. Maji ni njia moja tu, na huku kwetu kuna siku ambazo ni njia mbaya kuliko zote. Umekaa Dar mpaka umewasahau wadudu wa ziwani.

Jumamosi walitoka. Nilikuwa dirishani, kwenye ukumbi wa ile hoteli tunayoisafisha, nikaona moshi mweusi unapanda kutoka majini. Hakukuwa na kitu kinachoungua. Ulisimama kama mnara, ukavipita vilima kwa urefu, kisha ukaanza kutembea kuja mjini. Mbayuwayu waliingia ndani yake wakapotea. Obedi, nimesoma vitabu vingi na kubishana na watu wengi zaidi, lakini mbele ya kitu kile sikuwa na hoja. Mdudu mmoja hafikii uzito wa unyoya. Wote kwa pamoja walilifunika jua.

Kesho yake walikuwa wamelala zuliani, wamekufa, wamejaa kama pumba. Tukafanya kama mama alivyotufundisha: nyunyiza maji kwanza, ndipo ufagie. Wakageuka uji wa kijani, ukazama kwenye zulia, ukumbi ukanuka dagaa. Upande wa pili tukafagia bila maji. Mbawa zikawa unga, na Dorotea, kitinda mimba wetu, yule aliyekuwa akikushinda kuogelea, akakaa kwenye ngazi kifua kikipiga filimbi. Daktari amemwambia aache vumbi hili au aache kazi hii. Kazi haachi. Tuliianzisha mimi na yeye, na yeye ndiye anayeipenda zaidi.

Kwa hiyo tafuta mashine. Uko karibu na maduka, nami niko karibu na kifua chake.

Dada yako,
Wilhelmina


Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Dada shikamoo,

Barua yako ilifika ikiwa bado ya moto. Hapa nyumbani hatujambo, wifi yako anakusalimu na anasema uendelee kunichapa. Mpe Dorotea pole nyingi. Ila kwenye kuogelea ajue nilikuwa namwachia.

Nimekubali kushindwa nusu. Nilikwenda Kariakoo, dukani kwa bwana mmoja anaitwa Mbaruku, nikamweleza habari za wadudu. Alimwaga ndoo ya maji sakafuni, akawasha mashine, na dada, ile mashine iliyanywa yote kwa pumzi moja. Wapita njia walisimama wakapiga makofi. Ni pipa la chuma lenye magurudumu na bomba nene kama mkono wangu, linameza mpaka misumari. Mbaruku anasema tusiliache karibu na ziwa, maji yatapungua.

Nimelipakia kwenye basi. Vumbi la Buswelu tulilikula sote utotoni na tukakua. Kwa jitu hili Dorotea atasahau kama aliwahi kukohoa.

Mdogo wako,
Obedi


Pasiansi
15 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini nyumbani wazima. Sisi si wazima.

Jitu lilifika, na sitalidhulumu: linameza. Wadudu walitoka tena, ukumbi ukajaa, Dorotea akaliwasha. Palipopita bomba, zulia lilirudi kuwa zulia. Lina maua mekundu, Obedi. Tumelisafisha miaka yote hiyo nami sikujua lina maua. Dorotea alicheka kwa sauti, nami nikawa tayari kukuandikia barua ya kukuomba radhi.

Kisha nikafungua pazia. Jua liliingia, nikaona nyuma ya lile pipa kumesimama mnara. Mnara uleule wa ziwani, mdogo, mweupe, wa mbawa zilizosagwa. Jitu lilikuwa linazila mbele na kuzipuliza nyuma, laini kuliko unga wa sembe. Uling'aa. Ulikuwa mzuri, na hilo ndilo linalonitisha, maana Dorotea alikuwa amesimama katikati yake akitabasamu.

Yuko hospitalini, amewekewa hewa. Daktari anasema atapona. Jana alinishika mkono akaniambia, “Dada Mina, usimwambie Obedi. Ataninunulia cherehani ili niache usafi.”

Nakwambia. Ulinunua mdomo, hukuuliza habari za pua. Kila kinachovuta hewa lazima kiitoe, na swali pekee la kumuuliza muuzaji ni hili: inatoka na nini? Wewe ulimpigia makofi mtu aliyemwaga ndoo ya maji. Tafuta mashine yenye mfuko uliofungwa na filta nzito inayozuia unga mwembamba. Isipokuwepo, usiniandikie.

Dada yako,
Wilhelmina


Dar es Salaam
28 Mei 2024

Dada shikamoo,

Vipi hali ya mgonjwa? Nasikia amerudi nyumbani, na amekataa kukaa.

Umeniona kimya. Nilikuwa naona haya, na baada ya haya nilikuwa madukani. Nilibeba pakiti ya unga wa ngano na kipande cha kaniki. Kila duka nilimwaga unga sakafuni, nikamwomba muuzaji awashe mashine, nami nikatandaza kaniki nyuma, pale inapotolea pumzi. Kaniki nyeusi haisemi uongo. Duka baada ya duka ilitoka nyeupe. Mbaruku aliniuliza, “Wewe mzee, unanunua mashine au unapika maandazi?” Nikamwonyesha kaniki. Akaitazama, akageuka kuitazama mashine yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona leo, akaacha utani.

Mwishowe ni yeye aliyenitolea moja kutoka stoo, ya kijivu, ndogo, imekaa huko kwa kuwa haimezi ndoo ya maji na haina mnunuzi. Tuliijaribu mpaka unga ukaisha. Kaniki ilibaki nyeusi.

Hii siipakii kwenye basi peke yake. Naileta mwenyewe. Mwambie Dorotea cherehani sijanunua.

Mdogo wako,
Obedi


Pasiansi
12 Juni 2024

Mdogo wangu Obedi,

Marahaba ya shikamoo uliyoniachia jana stendi. Natumaini umefika salama. Dorotea anakusalimu; anasema ukirudi mtashindana kuogelea tena, na safari hii usimwachie.

Ulikuja na maneno mengi. Kisha ule mnara ukapanda kutoka ziwani, nawe ukavua kofia katikati ya sentensi. Nilikuona. Sikukucheka, maana nami huwa hivyo kila mwaka, na naomba nisije nikauzoea.

Lakini kilichonitoa machozi ni asubuhi yake. Kile kimashine chako kisicho na umbo la kujivunia kilikuwa kinanguruma taratibu kama paka, Dorotea anakisukuma, maua mekundu yanatokea moja baada ya jingine. Wewe ndiye uliyefungua pazia. Jua likaingia hadi ukutani. Tukatazama nyuma ya mashine. Dorotea alipita ndani ya ule mwanga akiimba, akarudi, akapita tena, na mwanga ulikuwa mtupu. Nawe ukanong'ona, “Hakuna kitu.” Miaka yote ya kusoma, sijakutana na sentensi kubwa kuliko hiyo.

Sasa kazi yako. Ipeleke barua hii Kariakoo, uisome kwa sauti dukani kwa Mbaruku. Nakala nyingine naibeba mwenyewe kwenye hoteli za huku ufukweni.

Ninyi wauza mashine, acheni kumwaga ndoo. Mwageni unga, tandazeni kaniki, mwacheni mnunuzi aone. Nanyi wenye hoteli mnaotuambia tufagie haraka wageni wanakuja: kabla hamjamkabidhi mwanamke mashine, iwasheni, fungueni pazia, msimame nyuma yake ninyi wenyewe, mvute pumzi.

Dada yako, na dada yake Dorotea,
Wilhelmina