Mlinzi wa Swichi

Pasiansi, Mwanza

Mwanangu Selina,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi wazima; jana tulikula samaki sato wa soko la Mwaloni, mama yako akamaliza kichwa peke yake.

Unakumbuka, tangu nikiwa injinia wa umeme jeshini, kila nikitengeneza nyaya za nyumbani mama yako ndiye anayelinda swichi kubwa, mtu asije akaiwasha. Juzi aliiwasha mwenyewe nikiwa nimeshika waya. Umeme ulinitupa chini, ila sikuumia. Kusahau kwake kunazidi, mwanangu.

Leo nilipopanda ngazi nilimwita tena. Akasimama wima kama askari wa zamu: "Fanya kazi, Injinia, mimi nipo!" Tukacheka sana.

Fyuzi zote nilikuwa nimeshazing'oa, nimezitia mfukoni. Usimwambie.

Baba yako,
Nestory